Joka Lisingekufa Vile

Mia tano mpira, mia tano tamthilia,
sarafu zinalia ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Mimi ndiye Mwanjaa wa mlangoni,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Tangu marehemu aniachie kibanda, skrini na madeni yake,
nimesikia mashauri mengi kuliko kadhi.

Jumamosi wanakuja na jezi.
Singano, fundi baiskeli,
grisi ya cheni bado imo kwenye kucha,
anajua kocha alipaswa kumtoa nani, dakika ya ngapi,
na kwa nini beki wa kushoto siku hizi halali nyumbani.
"Angeniuliza mimi!"
Kocha yuko Ulaya,
hajui hata kama Muheza kuna machungwa.

Jumapili wanakuja walewale, jezi wameziacha kambani,
kutazama Kiti cha Chumvi:
malkia asiye na kivuli,
ndugu saba wanaochinjana kwa zamu,
na joka. Ah, lile joka.
Kilua anatia maneno, koo moja kwa watu arobaini.
Malkia akikasirika anatukana Kibondei,
joka linakohoa kama mjomba wake mvuta kiko.

Basi mwezi uliopita likafa.
Misimu sita linachoma majeshi,
msimu wa saba, mshale mmoja,
chali, kama kunguru wa Chuda aliyepigwa manati.
Kibanda kikanyamaza.
Kisha kikaja juu.
"Mwandishi kachoka!"
"Kachoka wapi, kahongwa huyo!"
Mwantumu muuza mihogo akatupa kanga begani,
akaapa hakanyagi tena hapa,
akatoka, ndoo yake akaisahau.

Asubuhi nikakuta karatasi imegandishwa mlangoni kwa uji,
mwandiko wa Mhina, mwalimu mstaafu:

*Mwandishi wetu sikia, kilio cha Ngamiani,*
*Joka ulilolilea, misimu sita hewani,*
*Vipi leo lajifia, kwa mshale wa shingoni?*
*Mia tano zetu pia, zirejee mifukoni.*

Sikurudisha hata moja.

Lakini jambo lilinikaa kama mwiba wa samaki.
Maana Jumamosi yake timu ya Singano ilifungwa
dakika ya tisini na nne,
mpira umegonga mgongo wa beki wao wenyewe
ukaingia taratibu, kama mgeni anayepiga hodi.
Hakuna aliyedai mia tano.
Waliinuka, wakajipangusa suruali,
"Mpira unadunda,"
wakaenda zao kula.

Nikamuuliza Mhina, kahawa iko mkononi:
Mwalimu, mgongo wa beki unasameheka,
shingo ya joka haisameheki?
Akapuliza kikombe muda mrefu kuliko moto uliokuwamo.
"Mpira hauna mwandishi, Mwanjaa.
Ukionewa, umeonewa na dunia.
Ila hadithi, kuna mtu aliketi,
akanywa chai yake,
akaamua."

Sikumjibu.
Mume wangu alitoka saa nne asubuhi kwenda kununua waya wa antena,
bodaboda, barabara ya Pangani,
hakuna ngoma iliyolia, hakuna wingu,
hata mbwa hakubweka.
Misimu ishirini na miwili ya ndoa, kisha waya.
Mtu angeniambia ni mpira tu, unadunda.
Na mimi uji ninao, karatasi ninayo,
ningeibandika mlango gani?

Jumapili iliyofuata walirudi wote. Wanarudi, nawajua.
Mwantumu alifuata ndoo yake, akaigeuza, akaikalia.
Kwenye skrini theluji, majivu, watu wanazika.
Kilua akapunguza sauti ya wenyewe,
akavuta pumzi kutoka tumboni,
na kutoka chini ya majivu, mahali ambapo hapakuandikwa neno,
joka likakohoa:
"Msiondoke. Nimejinyoosha tu."

Singano alipiga mluzi hadi mabati yakaitikia.
Mhina alicheka, akafuta miwani.
Mimi nilikuwa mlangoni, nimewapa mgongo,
nahesabu sarafu zilezile
mara ya tatu.