Alama Upande wa Kulia

Asubuhi ya kwanza walinipa kipande kigumu,
cha kahawia, cha shayiri na karanga,
ukubwa wa mche wa sabuni uliokwisha nusu.
"Tafuna polepole, Bi Aune," akasema Henriikka,
muuguzi mwenye vidole vya baridi,
akanichoma sindano mkononi, akaibandika plasta,
na saa ya ukutani ikaanza kunihesabu.

Nje, Kuopio ilikuwa na theluji ya mwezi wa tatu,
ile iliyochoka, rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Nikatafuna. Meno yangu ya juu si yangu
lakini kazi wanaijua.
Kila nusu saa kijichupa cha damu,
kila nusu saa karatasi yenye mstari mmoja mtupu:
Una njaa kiasi gani? Weka alama.
Kushoto, sina hata chembe.
Kulia, ningeweza kula meza.
Nikaweka kushoto.
Saa ya pili, ya tatu, kushoto bado.

Wiki iliyofuata wakanipa kikombe.
Ni vile vile, akaapa Henriikka,
shayiri ile, karanga zile, hesabu ile mpaka nukta ya mwisho,
ila vimesagwa vikalainika, vya kunyonywa kwa mrija.
Dakika nne, kwisha.

Saa ya kwanza nilikaa kama mgeni
aliyekaribishwa sebuleni akasahauliwa.
Saa ya pili tumbo likaanza kusema.
Saa ya tatu namtazama mtafiti nyuma ya kioo
akimenya chungwa,
nami nameza mate kama mtoto.
Alama yangu ikavuka karatasi nzima.

"Ni grelini," akanieleza kijana yule, Pekkarinen,
bado ananukia chungwa.
"Homoni. Inatoka tumboni kwenda kupiga hodi ubongoni.
Ukitafuna, inakaa chini.
Ukinywa, inajikunyata kidogo tu, kisha inarudi mlangoni."
Akanichorea mistari miwili ya damu yangu:
mmoja umeshuka bondeni ukalala,
mwingine umeteleza, ukashika mwamba, ukapanda.
"Kwa nini, hatujui yote. Labda ni meno. Labda ni haraka.
Labda tumbo nalo linapenda kuheshimiwa."
Akacheka.

Mimi nilikuwa nimekwisha ondoka,
nimerudi jikoni kwetu Petonen, ghorofa ya tatu,
kwa Taisto wangu na koo lake
lililokataa kila kigumu baada ya kiharusi.

Miezi saba ya vikombe.
Nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha mbao miaka thelathini na mmoja,
nikamfungulia daftari:
kikombe, saa, kalori, jumla, mstari mwekundu.
Naye akisema kwa nusu ya mdomo iliyobaki hai,
"Aune, nina njaa."
"Huwezi kuwa na njaa. Tazama mwenyewe:
elfu moja mia tisa na arobaini."
Akatazama tarakimu.
Akatazama ule mkate mweusi wenye tundu katikati
ukining'inia kwenye ufito juu ya jiko.
Akanyamaza, mtu wa adabu.
Na nilipomjibu hivyo
nilikuwa na tonge shavuni.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa:
nilidhani ni habari ya tajiri na maskini,
sikujua wawili hao
huweza kulala kitanda kimoja.

Nilimwomba Henriikka karatasi moja zaidi.
Pale penye jina nikaandika la Taisto,
tarehe nikaiacha, zilikuwa nyingi,
nikapeleka kalamu kulia, kulia kabisa,
mpaka mstari ulipokoma,
nikaigandamiza hata ikatoboa.

Hakuuliza. Alichomoa sindano,
akaniwekea pamba.
"Ishikilie dakika tano, Bi Aune, usiachie."
Nikaishikilia.