Nukta

Kompyuta mpya imefika Langoni,
nyembamba kama sinia, chipu yake ya mwaka huu.
Wifi yangu Shamsa akafukiza udi
mezani, kwenye kebo, hata kipanya kikapata moshi wake.

Skrini ni ile ile, inchi thelathini na mbili,
iliyopanda na punda kutoka gatini mwaka wa mafuriko
ikakwaruza kuta za vichochoro viwili.
Juu yake napanga kadi za harusi,
herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto.

Nikachomeka waya. Ikawaka.
Kisha nikaona ukungu.

Nikafuta kwa kanga. Nikafuta kwa siki.
Haukuwa ukungu wa kioo,
ulikuwa ukungu wa hesabu.

Ile kuukuu, yenye feni inayokoroma,
ilikuwa ikichora kila kitu maradufu,
upana kwa urefu, picha kubwa kuliko kioo chenyewe,
kisha inaikunja mpaka itoshe,
na mwandiko unatoka umenoleka.
Hii mpya ina mpaka wake: hapa, usizidi.
Chagua, yaniambia,
herufi safi katika nafasi ya kubanana,
au uwanja mpana na herufi zilizolowa.

Nikampigia Mbwarali, fundi wa Mkomani.
"Si kebo," akasema, "wala si macho yako.
Ni chipu. Ilipimiwa kiasi chake huko ilikozaliwa."
"Lakini ni mpya!"
"Upya si upana, dada."

Na kadi ya Famau inangoja.
Anaoza binti yake Ijumaa.
Sasa liandike neno *bint*, uliondolee nukta:
yabaki meno mawili na bakuli,
huwezi kujua ni nani, wa nani.
Nukta moja chini,
moja juu,
mbili juu ya bakuli,
ndipo binti anapokuwa binti.
Usiku ule, ndani ya ukungu,
zile mbili zilishikana zikawa doa,
nami nikakaa nalitazama doa
hadi muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.

Nikaitoa kuukuu chini ya kitanda.
Vumbi, chungu wawili, betri iliyovimba kidogo.
Ikakoroma. Ikafikiri. Ikachora.

"Na hini mpya je?" Shamsa akauliza,
harufu ya udi bado imo kwenye funguo zake.
"Tazamia tamthilia," nikamwambia,
na sikuwa natania sana.

Famau alikuja baada ya alasiri,
miwani imefungwa uzi sikioni.
Hakusoma jina la bwana harusi,
wala ukumbi, wala saa.
Aliweka ukucha juu ya neno moja,
akahesabu kimya, midomo ikicheza.

"Nne," akasema. "Zimetimia."
Akaagiza mia tatu.