Upande wa Uso

Bati la biskuti, limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.
Ndani, slaidi mia mbili na kumi na saba,
na harufu ya siki.

Baba alikuwa bwana shamba, Wete,
enzi mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafla:
leo jani bichi, mwezi haujaandama mara mbili, kuni.
Usiku alitandaza shuka jeupe ukutani mwa skuli,
jenereta likikohoa nyuma.
Watu walijaa wakidhani ni sinema ya Kihindi,
wakakuta mzizi uliooza, mkubwa kama nyumba,
na fimbo ya baba: "Tazameni. Hapa ndipo unapoanza."
Wakatazama hivyo hivyo. Shuka lilikuwa linawaka, nani angeondoka?

Mimi nina skana iliyokuja kwa meli kutoka Unguja,
brashi ya kope, kitambaa cha miwani,
na umeme wa kukopeshwa na Mungu.
Slaidi moja, dakika tatu.
Naipuliza vumbi, naitia kinywani mwa mashine,
nangoja.

Rangi ya buluu ndiyo iliyotangulia kufa.
Bahari ya Mkoani imekuwa sharubati,
mashamba ya Mtambwe yameiva kama pilipili.
Kompyuta inaniuliza: nirudishe rangi?
Zipi? Nani aliyeiambia
jani la mkarafuu lilivyo, mvua ya vuli ikishakatika?
Nabonyeza ndiyo. Inaleta kijani cha nchi nyengine.
Nabonyeza hapana.

Tabu kubwa ni upande.
Slaidi hutazamika mbele na nyuma, na kote ni picha.
Wanasema ushike ule unaong'aa,
lakini hizi ukungu umeshazipaka zote mbili.
Basi natafuta maandishi:
duka la ushirika likisomeka kinyume, nageuza.
Usukani wa Landrova ukihamia kushoto, nageuza.

Ya mia na kumi na tatu ni mama.
Amekaa juu ya jamvi, anachambua karafuu.
Ukuta wa udongo nyuma yake, hauna herufi, hauna saa.
Shavuni alama ndogo, kama mbegu ya papai.
Ukingoni, mkono wa mtu
umekatwa na fremu.

Alikufa sijajua kusema. Picha nyengine yake hakuna.
Utotoni nikiiba hii slaidi, nikiinua dirishani,
jua likimpitia mama likinifika mimi.
Sikuwahi kuuliza nimeshika upande gani.

Nikaenda na kompyuta kwa shangazi Mize.
Akaisogelea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo.
"Nkono wangu huo!
Lakini umenikalisha siko.
Mimi sikio la kushoto halisikii tangu kuzaliwa.
Nikikaa kushotoni mwake siku zote, nipate kumsikia.
Na alikuwa na maneno, mamako! Karafuu haziishi, maneno hayaishi."

Nikabonyeza.
Mkono ukavuka upande wa pili,
mbegu ya papai ikahama shavu,
na mwanamke nisiyemjua akanitazama
kutoka jamvini kwa mama.

Shangazi akacheka. "Haya, huyo ndiye."

Nimerudi nyumbani nikihesabu.
Miaka arubaini na tatu nilimjua
kama alivyojijua mwenyewe,
asubuhi, kiooni, akifunga ushungi.
Leo ndiyo mara ya kwanza namwona
kama baba alivyomwona.

Sikufuta ile ya kwanza.
Zimelala pamoja kwenye faili, zimepeana mashavu,
zina jina moja, namba mbili.

Ya mia na kumi na nne ni mkarafuu, umekauka wote.
Nimeupuliza vumbi.
Umeme umekatika mashine ikiwa nusu ya shina.