Sita Nukta Saba

Saa tano usiku nazima mota.
Kinu cha Manyatta kinakohoa mara mbili, kinanyamaza.
Unga umenijaa nyusi, umenizeesha;
najikung'uta mlangoni kama kuku aliyeoga vumbi,
kisha naandika kwenye daftari la Mama Rispa:
gorogoro arobaini na tatu,
mkopo sita,
panya mmoja.
Halafu vitabu, hadi jogoo wa jirani anitukane.

Saa mbili asubuhi nina maabara.
Kule mizani hukaa ndani ya kioo kama bibi harusi,
haitaki upepo, haitaki pumzi ya mtu,
huhesabu hadi tarakimu ya nne baada ya nukta.
Naweka chumvi ya shaba. Namba zinapanda, zinashuka, hazitulii.
Bwana Mutoro anainama, anapuliza mkono wa koti langu:
"Kageha, huu unga ni wa nani?"
Darasa linacheka. Nami nacheka,
maana kicheko hakilipiwi ada.

Kemia, baiolojia, fizikia, hesabu:
manne kwa muhula, na kila moja linadai
kwamba ndilo mke mkubwa.
Nimechora mifupa ya kiganja, nikaibandika ukutani kwa uji,
na kila usiku mende huula uji ule,
mifupa ikaniangukia shukani, mmoja mmoja.

Mama hunipigia kutoka Vihiga: "Daktari, umekula?"
Anajua mimi si daktari.
Hata kitasa cha mlango ule sijakigusa;
niko nje kwenye foleni, na mtihani wa juzi
nimepata arobaini na nane.
Nimekula, namwambia,
nikitafuna kalamu.

Jumamosi ni ya zahanati.
Hawanilipi. Hunipa aproni ya buluu na chai ya rangi.
Huko mizani imening'inia kwenye boriti,
uso wa saa, mshale mmoja, ndoano,
na suruali ya turubai tunayomvisha mtoto, tukamtundika
akipiga hewa mateke.
Mshale hucheza naye. Ni lazima usubiri:
kati ya kilio na kilio ndipo husomeka.

Mama yake nilimjua kabla sijamjua yeye.
Ndiye hufika kinuni mwishomwisho, mahindi kwenye leso,
nusu gorogoro,
akaniomba niupige mfuko wa kinu
ili hata vumbi lililoshika liwe lake.
Mtoto ni Zakayo. Miezi kumi na mmoja.
Sita nukta saba, ulisema mshale.
Saba nukta sita, ukaandika mkono wangu.

Ni nini, namba mbili kubadilishana viti?
Maabarani ningepoteza alama moja.
Hapa kitabu cha kliniki kina mstari mwekundu:
juu yake mtoto hurudi nyumbani mgongoni,
chini yake hupewa kitanda.

Sista Peres hakupaza sauti.
Aliuzungushia utepe mkono wa Zakayo,
akatazama kitabu, akanitazama mimi.
"Mtundike tena."
Nikamtundika tena.
Baadaye, akinawa: "Wiki hii umelala saa ngapi?"
Ilikuwa hesabu nyepesi kuliko zote za muhula
na sikuweza kuifanya mbele yake.

Jioni ile nilimrudishia Mama Rispa
zamu za Jumatano na Ijumaa.
Alizipima funguo kiganjani
kama anayekadiria mahindi yenye unyevu.
"Na kodi?"
Sikuwa na jibu la kodi. Sinalo hata sasa.

Leo ni Ijumaa, saa tatu usiku.
Ng'ambo ya mtaro kinu kinanguruma, mtu mwingine anasaga,
na nikisikia anavyokilisha haraka, kwa pupa,
natamani kwenda kumrekebisha.
Siendi.
Naokota mifupa shukani, nikiitaja:
huu wa umbo la mwezi,
huu mdogo kama njegere,
huu