Upande wa Pili

Kule Chake, ndani ya ngome, upanga umelazwa kiooni,
upande mmoja juu, upande mmoja umelalia ubao.
Mjomba Mbarouk alikwenda na futi ya fundi cherehani,
mimi na penseli, na kipande cha boksi la biskuti.
Mlinzi akasema: kutazama ruhusa, kugusa hapana.
Tukaupima kwa macho, shubiri baada ya shubiri,
kioo kikaingia ukungu wa pumzi zetu,
mlinzi akakipangusa kwa mkono wa shati, akarudi kukaa.

Urefu tuliupata. Mpindo wa bapa tuliupata.
Kipini cha pembe, misumari mitatu, mmoja umeanguka.
Uzito hatukuupata.
Uzito haupiti kioo.

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.
Mimi si mwana, ni mpwa, na kuvukuta kwangu ni kubonyeza swichi:
feni ya gari bovu, makaa ya vifuu,
na umeme ukikatika, kiriba cha babu kingali ukutani.
Kipangani, uani, chini ya bati lenye matundu,
tulilitia motoni jani la springi
la Isuzu ya marehemu Kombo Shaame.
Likawa jekundu, rangi ya ndani ya papai.
Mjomba akagonga hadi jirani akagonga ukuta.

Pembe ilikuwa ya ng'ombe wa Idi Kubwa.
Tuliuzeesha upanga kwa chumvi, ndimu na maji ya chai,
miaka mia mbili kwa siku tatu.
Upande wa juu nikachora kila kilichokuwepo:
ua, nyota, ua,
na nusu ya jina, maana nusu nyengine kutu imeila,
nami nikaila vilevile, kwa tindo.

Kisha mjomba akaugeuza.
"Na huku je, kuna nini?"

Labda aya. Labda maua yaleyale.
Labda jina la aliyeufua,
maana wa juu ni mwenye mali, na fundi kawaida hulala chini.
Labda doa
ambalo wakubwa hawakutaka watoto wa skuli waulize.
Aliyeshika mpini husimulia mpaka chai ikapoa;
aliyeshika makali, nani kamkaribisha kikao?

Karibu na kipini moto haukuzifuta
namba za kiwandani, tarakimu saba na herufi moja.
Mjomba akachukua tupa azisage.
Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mkono mjomba kazini.
"Ziache," nikasema. "Hizi ndizo tunazozijua."

Na tunazijua. Konde hadi ghala ya Wete,
msimu kwa msimu, gunia juu ya gunia,
dereva akiimba, utingo akilala juu ya karafuu.
Usiku mmoja walimpakia Bi Riziki na uchungu wake,
akajifungua juu ya majamvi, Bopwe hawajafika,
na mtoto, wanasema, alinukia karafuu mpaka arubaini yake.

Ijumaa iliyopita ulikodiwa na bwana harusi wa Limbani:
joho, kilemba, upanga, na simu yake tukaizuia amana.
Nilikuwa nyuma yake na sindano, mkanda wa ala umefumuka,
nusu saa kabla ya nikaha, na mdomoni nimebana uzi.
Kitoto kimoja cha upande wa bibi harusi kikaja,
kikautazama ule upanga kama kinautazama ukubwa wake chenyewe.
"Umeua wangapi?"

Bwana harusi akakohoa. "Wengi," akasema,
sauti nyembamba kuliko joho.

Nikatema uzi. Nikauchomoa, nikaugeuza,
nikakichukua kidole chake gumba, kina mafuta ya sambusa,
nikakipitisha juu ya namba, moja moja.

"Haujakata mtu," nikamwambia. "Haujakata hata uzi huu.
Ulikatika.
Mara moja, kona ya Kinyasini.
Gunia zilikuwa nyingi."