Nani Katoka

Saa saba usiku, Mlimani. Feni inakoroma.
Nahesabu nyutrino zilizogonga agoni
ndani ya tangi lililo bara jingine;
mimi nimeletewa nyayo tu.

Nyingine, matrilioni, zimenipenya tangu adhana ya magharibi,
hazikubisha hodi,
hazikuacha hata vumbi kwenye ukucha.
Moja ikijikwaa, ndiyo riziki yangu.

Dokta Rwechungura ameandika pembeni kwa wino mwekundu:
"Protoni mbili. Una hakika zilizaliwa mbili?"

Sina.

Nakumbuka Magomeni, nyumba ya vyumba sita.
Ugomvi ukizuka chumba cha ndani kabisa
sisi watoto tulikaa barazani kuhesabu wanaotoka:
Mwamvita, kanga imechanika begani,
mumewe, kiatu kimoja,
na Binti Shomvi, asiyehusika,
aliyekumbwa ukumbini na ndoo yake ya maji,
analia kuliko wote.
Tukatangaza: wamegombana watatu!
Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Kiini nacho kina ukumbi.
Kilichozaliwa ndani hupigana vikumbo njiani,
kingine humezwa humo humo,
kingine humtoa jirani kitandani,
nami niliye mlangoni naandika nilichokiona
kana kwamba nilikuwepo.

Basi nafuta "mbili".
Naandika: zilizotoka, mbili;
zilizozaliwa, labda moja;
kosa, asilimia kumi na nne, juu au chini,
na hiyo kumi na nne yenyewe
nitaieleza kesho kwa Dokta, nikiweza.

Umeme unakatika.
Sikuwa nimehifadhi.