Iandikwe kwa Mkono

Tangazo limesema: barua iandikwe kwa mkono.
Kwa hiyo mimi, niliyechapa kurasa themanini na sita
kuhusu udongo wa mteremko mmoja wa Iwambi,
nimeketi hosteli, Ikuti, usiku wa Juni,
blanketi mabegani, soksi jozi mbili,
najifunza upya kuandika g
isifanane na tisa.

Karatasi ya kwanza niliimwagia chai.
Ya pili niliandika "Ndugu" kabla sijakumbuka ninamwandikia nani.
Ya tatu ilikwenda vizuri mpaka kwenye jina.

Cheti cha kuzaliwa kinaniita Atuganile.
Cha kidato cha nne kinasema Atughanile:
mwalimu fulani kule Rungwe aliniongezea h
kama mtu anayetia chumvi bila kuonja.
Wakili wa Sokomatola amenitoza elfu ishirini
ili niape kwamba mimi ni mimi.

Alfajiri nakimbia kutoka getini hadi Iyunga.
Ukungu umeimeza Loleza mpaka shingoni.
Viatu ni vya Lugano, vikubwa, nimevijazia pamba,
na kila hatua nakariri:
msuguano, mshikamano, pembe ya mteremko,
pembe ya mteremko, mshikamano,
mpaka sijui najiandaa kwa mtihani upi.
Ule wa Jumatatu una saa na namba ya chumba.
Huu mwingine una sanduku la posta tu.

Lugano anaijua barua hii kwa moyo.
Kaka yangu aliiandika miaka minne mfululizo,
kila mwaka mwandiko ukipendeza zaidi,
mpaka umri ukampita usiku
kama lori la mkaa lisilo na taa.
Sasa ana bajaji, Kabwe na Mafiati,
na nywele bado anazinyoa chini kabisa.

Jumapili alikuja na kalamu ya wino mweusi.
Akaisoma rasimu yangu amesimama,
midomo ikiyatangulia macho.
"Mstari chini ya YAH, tumia rula.
Usiseme naomba sana. Sema naomba.
Na hapa, ulipoandika unaipenda nchi yako,
wote huandika hivyo. Andika kingine."
"Kingine kipi?"
Akatazama dirishani, nguo zilizoanikwa tangu Alhamisi,
mbichi bado.
"Mimi sikukipata," akasema.

Mama naye, sokoni Uyole, kati ya debe na debe la viazi,
alikuwa na swali moja:
"Hawamtaki aliyeolewa?"
"Hawamtaki."
"Mpaka lini?"
Sikuwa na tarehe ya kumpa.
Akaendelea kupanga, vidogo chini, vikubwa juu,
kama wanavyopanga wote,
kisha akanifungia vikubwa vitupu nirudi navyo chuoni.

Usiku ule niliandika kingine.
Niliandika kwamba kambini, JKT, baada ya kidato cha sita,
mtaro wa bwalo ulipasuka mvua ikinyesha,
na sajenti akauliza gizani
nani anajua maji haya yanataka kwenda wapi.
Nilijua.
Nilinyoosha kidole, watu arobaini wakachimba nilikoonyesha,
mikono ikavimba, hakuna aliyeuliza mimi ni binti wa nani,
na kulipokucha maji yalikuwa yamekwenda.
Sikuandika kwamba nililia chooni kwa hofu
kwamba ningeweza kuwa nimekosea.
Nafasi ilikuwa imebaki ya sahihi tu.

Posta, Jumanne, saa nne kasoro.
Nakala za vyeti, picha nne, kiapo cha wakili,
barua ya mtendaji wa kata, muhuri umelala upande.
Lugano amezima bajaji nje na kuingia nami,
akasema anibebee bahasha, niko na mkoba.

Dirishani karani akanyoosha mkono.
Lugano akainyoosha bahasha,
ila hakuiachia.
Karani akavuta.
Akamtazama usoni,
akavuta tena.